Kualikwa Harusini Bila Kualikwa Ndoani: Historia ya Mlango wa Hekalu la Wamormoni

Utangulizi

Kila mwaka tunapofundisha msamiati wa ndoa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huwa tunatua kidogo kwenye maneno matatu: ndoa, nikahi na harusi. Ndoa ni neno lenye mzizi wa Kibantu, ule ule unaotupa kitenzi oa, nalo hutaja agano lenyewe kati ya mume na mke. Nikahi limetokana na Kiarabu na hutumiwa na Waislamu kwa mkataba unaofungwa mbele ya mashahidi. Harusi, ambalo wengine huliandika arusi, asili yake pia ni Kiarabu, lakini matumizi yake yameelemea kwenye sherehe: chakula, ngoma, mavazi na vigelegele.

Muhula uliopita, baada ya maelezo hayo, mwanafunzi mmoja alituuliza: "Je, mtu anaweza kualikwa harusini asialikwe ndoani?" Darasa zima lilicheka. Hapa Uganda, ambako hata kabla ya siku ya kanisani koo mbili huwa zimekwisha kukutana na kutambulishana, swali hilo lilionekana kama mzaha. Sisi hatukucheka. Tulimjibu kwamba jambo hilo limewahi kutokea, na kwamba waliopatwa nalo hawakuwa wageni wa mbali bali akina baba na akina mama wa maharusi wenyewe. Tuliahidi kuandika juu yake, na haya ndiyo makala tuliyoahidi.

Tunazungumzia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Tangu mwaka 2018 viongozi wa kanisa hilo wamesisitiza kwamba jina kamili litumike. Sisi tutatumia jina fupi pale tu ambapo jina refu lingemchosha msomaji, bila nia ya kumdharau mtu yeyote. Kwa muda mrefu nchini Marekani, kijana wa kanisa hilo alipofunga ndoa hekaluni, wazazi wake wasio waumini hawakuruhusiwa kuingia. Walisubiri bustanini au katika chumba cha kungojea, mtoto wao akaingia hajaoa, akatoka ameoa.

Hoja yetu ni moja. Mlango huo haukufungwa na imani peke yake. Ulifungwa pia na kanuni, na kanuni hiyo ina historia: ina mahali ilipoanzia, ina sababu zake, na ina tarehe iliyoondolewa. Anayedhani kwamba wazazi walibaki nje kwa sababu mafundisho ya kanisa hayakuruhusu njia nyingine yoyote, hajaitazama historia hiyo vya kutosha.

Kanisa na hekalu

Kabla ya kusonga mbele, inafaa tutofautishe majengo mawili. Wamormoni wana nyumba za ibada za kawaida ambamo hukusanyika kila Jumapili. Hizo ziko wazi kwa mtu yeyote, na mgeni hukaribishwa. Hekalu ni jengo jingine kabisa. Halitumiki kwa ibada ya Jumapili, wala si kila muumini anayeweza kuingia ndani yake.

Anayetaka kuingia lazima awe na kibali. Ili kukipata, huhojiwa kwanza na askofu wake, ambaye kwao ni kiongozi wa ushirika wa mtaa asiyelipwa mshahara, kisha na kiongozi wa ngazi ya juu zaidi aitwaye rais wa kigingi. Maswali huhusu imani yake, usafi wake wa kimwili, ulipaji wake wa zaka, na iwapo anajiepusha na pombe, tumbaku, chai na kahawa. Kwa hiyo ikumbukwe kwamba waliozuiwa mlangoni hawakuwa watu wa dini nyingine tu. Baba aliyebatizwa lakini akaacha kulipa zaka alibaki nje vilevile. Hata wadogo wa bibi harusi, waliokuwa waumini wema lakini hawajafikia hatua ya kupokea ibada za hekaluni, walibaki nje pamoja na shangazi asiye muumini.

Ndani ya hekalu kuna vyumba vya kuunganishia ndoa. Bwana na bibi hupiga magoti wakitazamana, katikati yao kukiwa na madhabahu. Mara nyingi kuta zinazoelekeana huwa na vioo vikubwa, hata anayetazama huiona sura yake ikirudiwa-rudiwa bila mwisho. Vioo hivyo vina maana yake. Wamormoni huamini kwamba ndoa iliyofungwa na mtu mwenye mamlaka ya ukuhani hekaluni haivunjwi na kifo, bali huendelea milele, na kwamba watoto nao huunganishwa na wazazi wao kwa kifungo hicho hicho. Neno la Kiingereza wanalolitumia kwa ibada hiyo lina maana ya kutia muhuri. Katika makala haya tutasema kuunganisha, kwa kuwa ndiyo maana inayokusudiwa.

Mwanzo: ndoa mbele ya watu

Kanisa hili lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York. Miaka mitano baadaye, makao yake yakiwa Kirtland katika jimbo la Ohio, waumini walikutana Agosti 1835 kuidhinisha kitabu cha mafundisho ya kanisa. Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na tamko kuhusu ndoa. Tamko hilo lilieleza kwamba ndoa zote za waumini zifungwe katika mkutano wa hadhara au katika karamu iliyoandaliwa kwa ajili hiyo.

Tunaomba msomaji alitilie maanani jambo hili. Kanisa ambalo baadaye lilijulikana kwa ndoa za ndani ya milango iliyofungwa, lilianza kwa kuagiza ndoa za hadharani. Tena agizo hilo halikuwa la kupita. Lilibaki katika kitabu cha mafundisho kwa miaka 41, hadi lilipoondolewa mwaka 1876. Kwa lugha ya darasani kwetu, mwaka 1835 ndoa na harusi vilikuwa chini ya paa moja.

Nauvoo: milango inaanza kufungwa

Mabadiliko yalianza katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mei 1842 Joseph Smith aliwafundisha wanaume wachache ibada mpya iitwayo endaumenti, katika ghorofa ya juu ya duka lake la matofali mekundu. Hekalu la mji huo lilikuwa bado linajengwa. Mei 1843 yeye na mkewe Emma waliunganishwa kwa ndoa ya milele. Julai mwaka huo huo yaliandikwa mafundisho yaliyofungamanisha mambo mawili: ndoa isiyokoma baada ya kifo, na ndoa ya wake wengi.

Hapa ndipo tunapoikuta sababu mojawapo ya usiri. Ndoa ya wake wengi ilikuwa kinyume cha sheria ya Illinois, na waumini wengi wenyewe hawakuwa na habari nayo. Ndoa za namna hiyo zilifungwa faraghani, mbele ya watu wachache walioaminiwa. Mtu hafungi ndoa ya kificho katika karamu ya mtaa mzima. Tamko la 1835 lilikuwa bado limo kitabuni, lakini maisha ya viongozi yalikuwa yamekwisha kuliacha nyuma.

Juni 1844 Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage. Wafuasi wake waliendelea kulijenga hekalu la Nauvoo huku wakijua kwamba wangefukuzwa mjini. Kati ya Desemba 1845 na Februari 1846, zaidi ya watu 5,000 walipokea ibada zao humo kabla ya kuanza safari ndefu ya kuelekea magharibi. Kwa kizazi hicho, hekalu lilikuwa mahali palipopatikana kwa damu, nao uadui wa watu wa nje ulikuwa jambo walilolishuhudia kwa macho. Haishangazi kwamba watu kama hao hawakupenda mtu wa nje aingie ndani.

Utah: ndoa kama ushahidi mahakamani

Brigham Young aliwafikisha watu wake kwenye bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847. Kwa kuwa hekalu la hapo lilichukua miaka 40 kukamilika, kuanzia 1853 hadi 1893, nyumba ndogo ya muda ilijengwa na kutumiwa kwa ibada hizo tangu 1855 hadi ilipobomolewa 1889. Hekalu la kwanza kukamilika Utah lilikuwa la St. George, mwaka 1877. Vijana kutoka makazi ya Arizona walisafiri hadi huko kwa magari ya kukokotwa na wanyama, safari ya majuma kadhaa, ili waunganishwe. Njia waliyopita bado inakumbukwa kwa jina la njia ya fungate. Wazazi wengi wa vijana hao hawakuiona ndoa ya watoto wao, lakini waliotengana nao kwa umbali wa njia hawawezi kulinganishwa na waliotengana nao kwa mlango mmoja.

Wakati huo huo serikali ya Marekani ilikuwa inapambana na ndoa ya wake wengi. Mwaka 1879 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya George Reynolds, kwamba imani ya dini si kinga kwa mtu anayevunja sheria ya ndoa. Ugumu wa waendesha mashtaka ulikuwa kuthibitisha kwamba ndoa fulani ilifungwa. Aliyekuwepo ndani hakuwa tayari kusema, na aliyekuwa nje hakuwa na la kusema. Mwaka huo huo kiongozi mmoja mkubwa wa kanisa, Daniel H. Wells, alipoitwa mahakamani na kutakiwa aeleze mavazi ya ibada, alikataa, akatozwa faini na kufungwa siku mbili kwa kudharau mahakama. Kwa waumini alikuwa shujaa.

Serikali ilijibu kwa sheria. Sheria ya mwaka 1887 ilitaka kila ndoa katika himaya hiyo iandikiwe cheti kinachoeleza aina ya sherehe iliyofanyika, nacho kiwasilishwe mahakamani. Mwaka 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, alitangaza kusitishwa kwa ndoa za wake wengi. Sababu ya kuficha ikawa inatoweka polepole. Milango, hata hivyo, haikufunguliwa. Jambo lililoanza kwa hofu lilikuwa limekwisha kuwa desturi, na desturi hiyo ilikuwa imevikwa vazi la utakatifu.

Jane Manning James

Tunapofika hapa inatubidi tumtaje mwanamke mmoja, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kwamba kuzuiwa mlangoni hakukuwapata wasioamini peke yao.

Jane Manning alikuwa mwanamke mweusi, mzaliwa wa Connecticut, tena mtu huru. Baada ya kubatizwa, yeye na jamaa zake walisafiri hadi Nauvoo mwaka 1843, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Alifanya kazi katika nyumba ya Joseph Smith. Aliolewa na Isaac James, akafika Utah mwaka 1847, akabaki mwaminifu kwa kanisa hadi alipofariki mwaka 1908. Kwa miaka mingi aliwaomba marais wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, wamruhusu aingie hekaluni kwa ibada zake. Alikataliwa, kwa sababu wakati huo watu wenye asili ya Afrika hawakuruhusiwa.

Mei 1894 viongozi waliamua jambo lisilo la kawaida. Alifanyiwa ibada ya kuunganishwa na nyumba ya Joseph Smith, lakini kama mtumishi. Naye hakuwemo. Alikuwa hai, akiishi katika mji uo huo wa Salt Lake, lakini mwanamke mwingine aliwekwa kusimama mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kuingia. Kwa kawaida katika hekalu, wanaowakilishwa na wengine ni wafu. Jane aliwakilishwa akiwa hai.

Marufuku dhidi ya watu weusi iliondolewa Juni 1978. Mwaka uliofuata Jane alifanyiwa ile ibada ya endaumenti aliyokuwa ameiomba, miaka 71 baada ya kifo chake. Tumekieleza kisa hiki kwa kirefu kidogo kwa sababu kinatufundisha namna ya kuzisoma kanuni za hekalu. Marufuku ile nayo ilitetewa kama jambo lisilobadilika. Ilibadilika.

Chumba cha kungojea

Katika karne ya 20 kanisa lilienea, na watu wengi walijiunga nalo wakitoka katika familia za Kikatoliki, Kilutheri, Kiyahudi au zisizo na dini. Hapo ndipo tatizo la wazazi lilipokuwa kubwa. Katika jamii ambayo karibu kila mtu ni muumini, mlango wa hekalu huwaacha nje wachache. Kwa kijana aliyebatizwa peke yake kwao, mlango huo huiacha nje familia nzima.

Mtu atauliza: kwa nini hawakufunga ndoa ya kiserikali kwanza, wazazi wakiwepo, kisha wakaenda hekaluni? Jibu liko katika kanuni tuliyoitaja mwanzoni. Nchini Marekani, Kanada na nchi nyingine chache, waliochagua kufunga ndoa nje ya hekalu walitakiwa kusubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa. Kwa waumini, kusubiri huko hakukuwa jambo dogo. Walifundishwa tangu utotoni kwamba ndoa ya hekaluni ndiyo ndoa kamili. Isitoshe, majirani walipoona bwana na bibi wamefunga ndoa nje, walianza kunong'onezana kwamba huenda kuna dhambi waliyoitenda, ndiyo maana wamenyimwa kibali. Kijana aliyetaka mama yake amwone akiolewa alilipa kwa kucheleweshewa ibada, na pengine kwa jina lake.

Hivyo wengi waliingia hekaluni, na mzazi akabaki nje. Familia nyingine zilifanya hafla fupi ya kuvishana pete baada ya ibada, ili waliokuwa nje waone walau kitu. Lakini kila mtu alijua kwamba ndoa imekwisha kufungwa. Baba hakumkabidhi binti yake, wala mama hakuisikia kauli ya kukubali. Walipigwa picha pamoja na maharusi kwenye ngazi za hekalu, na aliyeitazama picha hiyo baadaye hakuweza kujua kwamba baadhi ya wanaotabasamu hawakushuhudia chochote.

Haki inatutaka tuueleze upande wa pili pia. Muumini husema kwamba ahadi za hekaluni ni takatifu, na kwamba kitu kitakatifu hakionyeshwi kwa kila mtu. Husema vilevile kwamba hakuna aliyelengwa, kwa maana sharti ni moja kwa wote. Hoja hiyo ina uzito, na dini nyingi zina mahali ambapo asiye wao hafiki. Ugumu unabaki katika jambo moja. Mafundisho yenyewe yanahusu kuunganisha vizazi, kuigeuza mioyo ya watoto iwaelekee wazazi na ya wazazi iwaelekee watoto. Mzazi aliyekaa chumba cha kungojea siku ya ndoa ya mwanawe alikuwa na haki ya kuuliza anaunganishwa na nani.

Sheria ya nchi na nafasi ya mama

Sasa tufike kwenye ushahidi ambao kwetu ndio mzito kuliko wote. Kanuni ya mwaka mmoja haikutumika kila mahali.

Nchini Marekani sheria humtambua mhudumu wa dini kuwa mfungishaji ndoa, wala haijali kama chumba kina watazamaji wengi au wachache. Kwa hiyo ibada ya hekaluni ilitosha kuwa ndoa halali. Uingereza ni tofauti. Sheria yake ya ndoa ya mwaka 1949 inataka ndoa katika jengo la dini lililosajiliwa ifungwe milango ikiwa wazi. Hekalu la London, lililowekwa wakfu mwaka 1958, halikuweza kutimiza sharti hilo. Suala la milango hiyo lilifika hata katika mahakama za kodi. Mapema katika miaka ya 1960, na tena mwaka 2008 kuhusu hekalu la Preston, majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba jengo lisiloruhusu umma kuingia si mahali pa ibada ya hadhara, kwa hiyo halistahili msamaha kamili wa kodi ya majengo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa katika msimamo huo.

Kanisa lilifanya nini kuhusu ndoa? Lilikubali. Mwingereza alifunga ndoa kwanza katika nyumba ya ibada ya kawaida au kwa msajili, wazazi na marafiki wakiwepo, kisha akaenda hekaluni kuunganishwa bila kungoja mwaka. Ndivyo ilivyokuwa pia Ufaransa, ambako tangu 1792 ndoa inayotambuliwa na dola ni ile ya kiserikali, na Ubelgiji, ambako katiba inataka ndoa ya kiserikali itangulie baraka za dini. Kabla ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nchi ambamo kanisa hilo lipo zilikuwa na utaratibu wa aina hiyo.

Tulinganishe basi mabinti wawili wa imani moja, ibada moja na maneno yale yale ya kuunganishwa. Mmoja yuko Salt Lake, mwingine London. Mama wa yule wa London ameiona ndoa ya bintiye. Mama wa yule wa Salt Lake ameketi nje. Kilichowatofautisha hakikuwa mafundisho ya kanisa, bali sheria ya nchi. Nchi ilipolazimisha, mlango ulipatikana. Nchi iliponyamaza, mlango ulifungwa.

Mwaka 2019

Tarehe 6 Mei 2019 viongozi wakuu wa kanisa, wakati huo likiongozwa na Russell M. Nelson, walitangaza kwamba kanuni ya kusubiri mwaka mmoja imeondolewa duniani kote. Tangu hapo waumini wa Marekani nao waliweza kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya familia nzima, na kuunganishwa hekaluni mara hali inaporuhusu. Hekalu lenyewe halikufunguliwa, na kibali bado kinatakiwa. Kilichobadilika ni kwamba ndoa na ibada ya kuunganisha viliruhusiwa kuwa vitu viwili bila adhabu.

Oktoba mwaka huo huo yalitangazwa mabadiliko mengine yanayomhusu shahidi. Hadi wakati huo mashahidi wawili wa ibada ya kuunganisha walikuwa wanaume wenye ukuhani. Tangu tangazo hilo mwanamke mwenye kibali anaweza kuwa shahidi pia. Mama aliye muumini, ambaye zamani angeketi tu na kutazama, sasa anaweza kuandikwa kuwa ndiye aliyeshuhudia.

Wapo waliofurahi. Wapo pia waliolia, kwa sababu tangazo lilithibitisha walichokuwa wakikishuku: kwamba wangeweza kuiona ndoa ya watoto wao miaka yote hiyo, na kwamba hakuna andiko lililolazimu kubadilishwa ili jambo hilo liwezekane.

Linatuhusu nini?

Msomaji wetu anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Si yao peke yao tena. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu Aprili 2019, na la Nairobi Mei 2025. Kabla ya hapo waumini wa Afrika Mashariki walisafiri mbali, hasa Johannesburg, kama vijana wale wa Arizona walivyosafiri hadi St. George. Sasa hekalu liko karibu, na maswali ya wazazi yako karibu pia. Hapa Uganda sheria ya ndoa ya kikanisa tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza mwaka 1904 inataka ndoa ifungwe milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wana desturi ya kisheria ya Kibelgiji inayoitanguliza ndoa ya kiserikali. Kwa njia mbili tofauti, sheria za eneo hili zinaelekea upande wa mzazi.

Kuna somo la lugha pia. Katika pwani ya Waswahili, nikahi hufungwa mara nyingi msikitini kati ya bwana harusi na walii wa bibi harusi, mbele ya mashahidi. Bibi harusi mwenyewe yuko nyumbani, na mama yake yuko naye. Hata hivyo mama huyo hajioni ametengwa. Upande wa baba una kauli ndani ya mkataba wenyewe, kwani walii ndiye anayeozesha, na upande wa mama una kazi zake ambazo bila hizo hakuna harusi. Kwa hiyo kutokuwepo peke yake si kutengwa. Mtu hutengwa pale anapokuwa hahitajiki, yaani tendo linapokamilika bila yeye kuwa na nafasi yoyote, si ya kauli wala ya kazi. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa hali mbili hizi, kukosekana na kutengwa, na mwalimu makini hatawaacha wanafunzi wake wavichanganye.

Hitimisho

Tumeona kwamba kanisa hili lilianza na ndoa ya hadhara mwaka 1835, likaifunga milango katika miaka ya mateso na ya ndoa za wake wengi, likaendelea kuifunga baada ya sababu hizo kwisha, na mwaka 2019 likaondoa kanuni iliyowaadhibu waliotaka wazazi wao wawepo. Tumeona pia kwamba katika nchi nyingi wazazi hawakuwahi kuachwa nje, kwa kuwa sheria haikuruhusu. Hatuna nia ya kumfundisha muumini yeyote dini yake. Tunachosema ni kwamba anayelinda mlango anapaswa kujua ni nani aliyeuweka na kwa sababu gani, kabla hajamwambia mama wa mtu kwamba umekuwepo tangu mwanzo.

Kwa walimu wenzetu, tunapendekeza makala haya yasomwe darasani pamoja na maneno ndoa, harusi, nikahi, walii, shahidi, kukosekana na kutengwa. Wanafunzi waeleze, kwa Kiswahili, ni nani katika jamii zao ambaye ndoa haiwezi kufungwa bila yeye. Majibu yatatofautiana kati ya kabila na kabila, na dini na dini. Yule mwanafunzi aliyetuuliza swali mwanzoni ndiye tutakayempa nafasi ya kujibu kwanza.